MKASI UJE MWISHO
Somo la kupima na kukata blauzi ndefu ya kitenge nyumbani

Ninapotembelea vikundi, swali moja halikosi. Tukishamaliza habari za akiba, za kuku na za tangi la maji, mama mmoja atainua mkono aulize, "Mwalimu, na ushonaji tutafundishwa lini?" Wengine hucheka, maana wanajua kuna cherehani pale pembeni, imefunikwa leso vizuri, imekaa hapo tangu siku ilipoletwa. Cherehani ipo, uzi upo. Anayekosekana ni mtu wa kushika mkasi. Kushona mstari ulionyooka mtu hujifunza kwa siku mbili tatu akiwa na bidii. Kukata ndiko kunakoogopesha, na woga huo una sababu: mshono mbaya hufumuliwa ukashonwa upya, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimekatwa.

Basi leo tutazungumza juu ya kupima na kukata. Kushona tutakugusa kidogo tu. Nguo yetu ni blauzi ndefu, ile inayoteremka hadi katikati ya mapaja na kuvaliwa juu ya sketi au suruali. Wengine huiita tuniki, lakini si ile tuniki ya wasichana wa shule isiyo na mikono. Nimeichagua kwa sababu mwili na mikono hukatwa kwa pamoja. Hakuna mkono wa kupachika, hakuna zipu, hakuna vifungo. Tena kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, yadi 2 za kitenge zinatosha.

Niseme ukweli pia: kama hesabu yenu ni bei peke yake, blauzi ya mitumba siku ya soko inaweza kuwa rahisi kuliko kitenge kipya. Kikundi hushona kwa sababu kinataka sare inayofanana, au nguo inayomtosha mtu kweli, au kinataka kupata kazi ya kuuza. Kwa hayo mitumba haisaidii.

Kosa la Mwalimu

Kabla sijawafundisha, niwaeleze nilivyokosa.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha kina mama upande wa Mwingi kiliamua kushona sare. Walichanga kidogo kidogo msimu mzima, wakanunua kitenge vipande vya yadi 6. Mimi niliwafundisha asubuhi moja. Nilikuwa na haraka, gari lilikuwa linaningoja. Nilichora ubaoni nikasema, "Upana wa shingo ni inchi 7." Wakaandika. Nikafunga mkoba nikaenda zangu.

Mama waliyemchagua kukata alikuwa ndiye mwangalifu kuliko wote. Alikunja kitambaa kama nilivyoonyesha, akapima inchi 7 kuanzia kwenye mkunjo, akakata. Sasa, kitambaa kilichokunjwa ukikifungua, kipimo hicho kinakuwa mara mbili. Shingo ikatoka inchi 14. Na kwa kuwa alitaka kuokoa muda, alikuwa amepanga blauzi tatu moja juu ya nyingine. Kipande kizima cha yadi 6 kikaharibika kwa mkato mmoja. Alipoivaa ya kwanza ajaribu, ikamteremka mabegani ikafika kwenye viwiko.

Hakuna aliyemgombeza. Ila mtu mmoja alisema polepole, "Na hizo zilikuwa karo za watoto," na hilo likatosha. Mkutano uliofuata hakuja, wala ule mwingine. Niliposikia nikaenda kwake. Alinitolea uji, kisha akafungua ncha ya leso akanionyesha pesa alizokuwa akiweka ili alipe kitambaa. Zilikuwa hazijafika nusu.

Nilirudi naye kwenye kikundi, nikasema mbele ya wote kwamba aliyekosa ni mwalimu. Nilitaja upana wa shingo, sikutaja nusu ya upana. Zile blauzi tatu tulizifanya nini, nitawaambia tukifika kwenye makombo ya kitambaa.

Kwenda Dukani

Kitenge kingi kina upana wa inchi 44 hadi 46. Lakini usiamini neno langu, kipime mwenyewe kabla hujalipa, kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa blauzi yetu upana huo ndio unaotoa mikono: nusu ya kitambaa upande huu wa mwili, nusu upande ule, na mikono inafika kwenye viwiko.

Halafu kuna jambo la yadi na mita. Yadi 1 ni inchi 36. Mita 1 ni inchi 39 na kidogo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukipanga hesabu ya mita 3 na dukani ukapimiwa yadi 3, umepungukiwa na karibu inchi 10, na hiyo ni zaidi ya robo ya mwili wa blauzi. Kwa hiyo nendeni na hesabu ya inchi iliyoandikwa kwenye karatasi, muulize, "Nataka inchi 72, hiyo ni yadi ngapi kwenu?" Kipande cha yadi 6 hutoa blauzi tatu. Kikundi cha watu 24 kinahitaji vipande vinane, na kama kuna warefu kati yenu ongezeni. Unene si tatizo sana kwa mkato huu, mtaona kwa nini. Urefu ndio unaokula kitambaa.

Angalia pia picha za kitambaa zinaelekea wapi. Blauzi hii hukunjwa mabegani, mbele na nyuma ni kitambaa kimoja kisichokatika. Kama kitenge kina ndege waliosimama, wale wa kifuani watasimama vizuri na wale wa mgongoni watakuwa miguu juu. Nimewahi kuona kwaya nzima ikiingia kanisani hivyo, na watu wa viti vya nyuma hawakusikiliza wimbo. Kwa kazi ya kwanza chagueni maua au michoro isiyo na juu wala chini. Mkipenda ndege kwa lazima, kateni mbele na nyuma mbalimbali, muongeze inchi 1 juu ya kila upande kwa ajili ya mshono wa mabegani.

Kuhusu leso, mimi husema tuiache ibaki leso. Ina pindo pande zote nne na maandishi upande mmoja, na urefu wa leso moja ni kama mita moja na nusu tu, haufiki mahali tunapotaka. Tena leso inabeba mtoto.

Kitambaa kikifika nyumbani, kifueni kwanza. Najua hapa wengi watanikatalia, kwa sababu kitenge kipya kinang'aa na kina ule ukakamavu wake, na mtu anaona kukifua ni kukichakaza. Ukakamavu mwingi ule ni wanga wa kiwandani. Utatoka tu, leo au kesho. Na pamba ikifuliwa mara ya kwanza hurudi, yaani husinyaa. Afadhali isinyae ikiwa bado kitambaa kuliko ikiwa nguo iliyokwisha kumkaa mtu vizuri. Pimeni urefu, mkiandike. Loweka usiku kucha, suuza, anika kivulini bila kukamua kwa nguvu, piga pasi, halafu pima tena. Kama inchi 72 zimekuwa 69, mmejionea wenyewe inchi 3 ambazo zingepotea kwenye blauzi. Wakati huohuo sugua pembe moja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikiondoka na rangi, hiyo blauzi isifuliwe pamoja na shati la mzee.

Kupima Mwili

Tepu ya kupimia huchoka kama kitu kingine chochote. Ikivutwa miaka mingi hurefuka. Chukueni rula ya shule ya sentimita 30, muilaze kando ya tepu upande wa sentimita. Zikilingana, vyema. Zisipolingana, nunueni nyingine, lakini siku hiyo msiache kazi: tumieni tepu ileile moja kupima mtu na kupima kitambaa. Kosa la tepu moja hujifuta lenyewe kwa sababu liko pande zote mbili. Hatari ni kupima mtu kwa tepu ya mwalimu na kitambaa kwa tepu ya jirani.

Anayepimwa avue sweta na afungue leso ya kiunoni. Asimame kawaida, asijikaze tumbo. Mtu wa pili apime, wa tatu aandike. Weka kidole kimoja kati ya tepu na mwili, tepu ilale bila kubana. Na tafadhali, namba zisitangazwe. Mpimaji amwonyeshe mwandishi kwa kidole kwenye tepu. Vipimo vya mwenzako si habari ya kupeleka kisimani. Nimeona mama mnene akiacha kushiriki somo kwa sababu namba yake ilitajwa kwa sauti na msichana mmoja akacheka.

Tunahitaji vipimo vitano tu. Mzunguko wa kifua mahali palipojaa zaidi. Mzunguko wa nyonga, hapo pia mahali palipojaa zaidi. Urefu, kutoka begani karibu na shingo mpaka pale unapotaka blauzi iishie. Mzunguko wa mkono juu ya kiwiko, penye unene. Na mzunguko wa kichwa juu ya masikio, maana nguo isiyo na vifungo lazima ipite kichwani.

Tuchukue mfano wa mtu mmoja: kifua inchi 38, nyonga 42, urefu 32, mkono 13, kichwa 22.

Sasa, ukikata kifua inchi 38 kamili, mtu huyo hataweza kuvuta pumzi. Kila nguo ina nafasi ya kupumua, na kwa blauzi ya kushinda nayo kazini mimi huongeza inchi 6 kwa kifua na 6 kwa nyonga. Mafundi wa mjini huongeza kidogo zaidi ya nusu ya hiyo, nao hawatwishi mtungi kichwani. Jaribuni: funga tepu kwenye kifua ukiwa umesimama, halafu inua mikono yote miwili kana kwamba unapandisha mtungi wa lita 20. Utaona tepu inavyodai nafasi.

Kwa hiyo kifua ni 38 na 6, jumla 44. Nyonga ni 42 na 6, jumla 48. Kitambaa chetu kitakunjwa mara nne: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Kila tabaka linabeba robo ya mtu. Gawanya 44 kwa 4 upate 11. Gawanya 48 kwa 4 upate 12. Kisha ongeza inchi 1 kwa ajili ya mshono wa ubavuni: kifua 12, nyonga 13. Anayesahau kuongeza hiyo inchi 1 hupoteza inchi 4 mwili mzima, kwa sababu mshono hula mbele na nyuma, kulia na kushoto.

Mkono: 13 na 5 za nafasi ni 18. Nusu yake 9, na 1 ya mshono, tupate 10. Hiyo ndiyo shimo la kwapa linavyoshuka kutoka begani. Urefu: 32 na inchi 2 za pindo la chini, tupate 34. Mara mbili yake, mbele na nyuma, ni 68. Ndiyo maana nilisema yadi 2, zilizo inchi 72, zinatosha hata kitambaa kikirudi kidogo. Mrefu anayetaka blauzi ya inchi 36 atahitaji inchi 76, kwa hiyo anunue yadi 2 na robo. Na mnene mwenye nyonga ya inchi 54? Ongeza 6, gawanya kwa 4, ongeza 1: ni 16. Nusu ya upana wa kitenge ni karibu 22. Anaingia bila wasiwasi.

Karatasi Kwanza

Msikate kitambaa bado. Tafuteni karatasi ya mfuko wa saruji mliyoikung'uta vizuri, au magazeti yaliyoungwa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Iwe na urefu wa inchi 34 na upana wa 22. Karatasi hii ni robo ya blauzi. Ukingo wa kushoto ni katikati ya mwili, mahali ambapo vifungo vya shati hupita. Ukingo wa juu ni bega na mkono. Pembe ya juu kushoto, hapo zinapokutana, ni shingo. Andikeni kwa herufi kubwa: KATIKATI, BEGA, SHINGO. Yule mama wa Mwingi hakuwa na karatasi, alikuwa na mchoro wa ubaoni uliofutwa.

Kutoka pembe ya shingo shuka inchi 10 ukingoni, kisha nenda kulia inchi 12, weka nukta. Hilo ni kwapa. Shuka hadi inchi 24 kutoka juu, nenda kulia 13, weka nukta ya nyonga. Shuka mpaka chini kabisa, nenda kulia 13 tena, hapo ni pindo. Sasa rudi juu, nenda mpaka mwisho wa mkono, inchi 22 kutoka shingoni, shuka inchi 8. Hapo ni mdomo wa mkono. Unga nukta hizi: mdomo wa mkono hadi kwapa, kwapa hadi nyonga, nyonga hadi pindo. Pale kwapani usiache kona kali kama ya sanduku. Weka mdomo wa kikombe pale, uchore duara lake. Kona kali huchanika siku ya kwanza ya kuvuna.

Kata karatasi, shingo bado usiiguse. Mshikie mwenyewe mwilini: ukingo wa KATIKATI juu ya mstari wa vifungo, ukingo wa BEGA juu ya bega. Karatasi inapaswa kupita ubavu kwa inchi 2 hivi na kufika kwenye kiwiko. Ikiishia kabla ya ubavu, kuna hesabu iliyokosewa, na kosa limekugharimu mfuko wa saruji tu.

Njia ya mkato ipo. Kama una blauzi ya mitumba inayokutosha vizuri na ni ya mkato huu, ikunje katikati uilaze juu ya karatasi, ulinganishe. Mimi hufanya hivyo mara nyingi.

Shingo

Hapa ndipo nguo nyingi hufia, kwa hiyo tusimame kidogo.

Mshono mahali pengine hupunguza nguo. Ubavuni ukishona inchi 1, mwili unapungua. Shingoni ni kinyume: ukishona nusu inchi kuzunguka tundu, kitambaa kinageuzwa ndani na tundu linapanuka. Mwanafunzi hukata shingo kwa ukubwa anaoutaka, akishashona anakuta imekuwa kubwa. Kwa hiyo shingo hukatwa ndogo kuliko unavyodhani. Ikiwa ndogo utaongeza. Ikiwa kubwa hakuna mkasi wa kupunguza.

Tena shingo ya nyuma si sawa na ya mbele. Shingo ya binadamu imeinamia mbele. Ukikata pande zote mbili kina kimoja, blauzi itakuwa inateleza kurudi mgongoni, na mvaaji atakuwa anaivuta siku nzima.

Kwa mtu mzima wa kawaida mimi nakata hivi: kutoka kwenye mkunjo wa katikati kwenda kulia inchi 3. Nimesema kutoka kwenye mkunjo. Ukifungua kitambaa, upana utakuwa 6, na baada ya kushona utakuwa 7. Nyuma kina chake ni inchi 1 tu. Mbele inchi 3. Kichwa cha inchi 22 hakitapita katika tundu hilo, kwa hiyo mbele, katikati kabisa, tunatia mpasuo wa inchi 4 kushuka kifuani. Mpasuo huo unasaidia pia anayenyonyesha, naye anaweza kuutaka mrefu zaidi.

Kukata

Unganisheni meza mbili za darasa, au tandikeni mkeka safi. Kunja kitambaa ukingo kwa ukingo kwa urefu wake, upande mzuri uwe ndani. Kisha kikunje tena, mwisho kwa mwisho, ili urefu uwe nusu. Nyoosha kwa kiganja, usikivute. Sasa kuna pembe moja tu ambayo mikunjo miwili inakutana. Hiyo ndiyo pembe ya shingo, na pembe ya SHINGO ya karatasi yako inalala hapo hapo. Kila anayekata amwite mwenzake aje aihakiki. Ukiiweka kwenye pembe nyingine utapata blauzi ya vipande vinne na tundu kwenye pindo.

Bana karatasi kwa pini, au iwekee mawe safi ya mviringo. Zungusha kwa kipande chembamba cha sabuni ya mche. Kwenye kitenge sabuni inaonekana na ikifuliwa inatoka. Mkasi uwe wa kitambaa peke yake. Ukishakata karatasi nao au nywele za watoto, utatafuna kitambaa badala ya kukikata. Ubapa wa chini usiinuke mezani, kata kwa mkato mrefu, na kitambaa kisisogezwe. Wewe ndiye unayezunguka meza. Blauzi moja kwa wakati mmoja. Matabaka manne yanatosha kwa mkasi wa nyumbani. Yakiwa kumi na mawili yale ya chini huteleza, hata kama vipimo ni sahihi.

Anza na kwapa, ubavu na mkono. Shingo iwe ya mwisho. Kata kwanza kile kina cha inchi 1, matabaka yote manne. Kisha fungua mkunjo wa bega, ushike matabaka mawili tu, yale ya mbele, uyashushe mpaka inchi 3. Mpasuo usiukate bado. Chora mstari wake tu. Utashonwa kwanza pamoja na kitambaa cha kufunika shingo, ndipo ukatwe katikati ya mishono miwili.

Ubavuni hubaki makombo manne, kila moja lina upana wa inchi kama 9 na urefu wa inchi 24. Msiyatupe wala kuwapa watoto wachezee. Kombo moja linatoa kitambaa cha kufunika shingo kwa ndani, inchi 9 kwa 13. La pili linatoa mifuko. Na yale ya Mwingi ndiyo yaliyotuokoa. Blauzi tatu, makombo kumi na mawili. Tuliyaunga mawili mawili tukapata kipande cha inchi 17, kipana kuliko lile tundu la 14. Tukakilaza kifuani na mgongoni kama kola bapa, tukakata shingo ndogo katikati yake, tukashona kuzunguka. Maua hayakuungana vizuri, na ukisogea karibu unaona kiraka. Lakini zilivaliwa, na mwenyekiti mwenyewe alichagua kuvaa moja ya hizo tatu.

Yule mama alirudi kwenye kikundi. Mkasi hajaushika tena, tumemwomba mara nyingi. Yeye ndiye anayesimama mezani kuhakiki pembe ya shingo kabla mwingine hajakata, na hakuna blauzi iliyoharibika tangu hapo.

Ukishakata, blauzi ikunje na makombo yake pamoja, ifunge kwa uzi, bandika karatasi yenye jina na vipimo vya mwenyewe. Piga bandi kwa mkono ubavuni kwanza, ijaribuni mwilini na mikono ikiwa juu, ndipo iende kwenye cherehani. Pale kwenye duara la kwapa, baada ya kushona, chanja mshono kidogo kidogo kwa ncha ya mkasi bila kufikia uzi, la sivyo utajikunja na kuvuta.

Kabla ya mkutano wenu ujao, kila watu watatu wapimane na kukata karatasi ya mmoja wao. Mje na karatasi hizo, mje na tepu zenu zote, tuzilaze kando ya rula moja tuone ngapi zimerefuka. Kitambaa kiacheni nyumbani.